Meta 400: kutoka vizuri na kupiga vitesi, kwa sisi wa Lubumbashi wenye volani ku kuume

Kama unatafuta eshapma gani itakuongezea farasi 20, hapa hutaipata. Hapa ni juu ya mbio za gari za meta 400 za moja kwa moja, gari ikianza imesimama. Mi mwenyewe nilimaliza mwaka mzima nikinunua vitu vya motere na muda wangu haukushuka, mpaka siku moja papa mmoja mekanisie wa kule komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, alikaa pembeni yangu, nikatoka mara mbili, hata hakusikiliza motere, alikuwa anaangalia tu chini ku pedali, kisha akasema: «Mwana, motere iko muzuri. Ile muguu ya kushoto njo iko inakuiba.»

Alikuwa na haki. Gari yangu ni Toyota RunX Z, ile yenye motere 2ZZ ya 1800 na bwati (giaboksi) ya mukono ya vitesi 6, inavuta na pine za mbele. Hesabu zote humu ni za hiyo gari, ila namna ya kufanya ni ile ile kwa gari yoyote ya ambreyaji (klachi), na wa Toyota Altezza, ile inasukuma na pine za nyuma, nimewawekea kipande chao.

Kwanza tuongee hewa. Sisi tuko meta 1200 na kitu juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na motere isiyo na turbo inapoteza kama 12 ku 100 ya nguvu yake, hakuna mekanisie anaweza kurudisha hiyo kwa kusafisha filtre. Muda wa meta 400 hauongezeki sawa na vile nguvu inashuka, unaenda polepole zaidi, kwa hiyo ile 12 ya nguvu inageuka kama 4 tu ku muda: gari yenye inafanya sekunde 15,5 pale Dar es Salaam pembeni ya bahari, hapa itafanya 16,1 ama 16,2 na dereva ni yule yule. Wamarekani wanajua hii mambo zamani, kulikuwa na uwanja wa Bandimere karibu na Denver, meta 1760 hivi juu ya bahari, mpaka walipoufunga 2023, na NHRA, shirika lao la hizi mbio, ilikuwa na hesabu ya kusahihisha muda wa gari zenye zinakimbia kule juu. Basi acha kulia juu ya video za Japani. Jifananishe na wewe mwenyewe wa wiki iliyopita.

Ila hewa ina neno lingine, na hili watu wengi hawalioni. Motere ikiwa na nguvu kidogo kule chini, inazama haraka unapoachia ambreyaji. Mtu wa pembeni ya bahari anakwambia «toka na turi 2500» (turi ni mizunguko ya motere kwa dakika), wewe unafanya hivyo hapa, gari inakohoa. Hapa kwetu karibu kila mara inaomba turi zaidi ya zile umesoma.

MAHALI

Si barabara ya Kasumbalesa, si ya Likasi, si usiku ku avenue yoyote. Malori ya madini yanapita masaa yote, na meta 400 ukiongeza nafasi ya kufunga freni unahitaji karibu kilometa nzima yenye hakuna mtoto, mbuzi wala pikipiki inayokatisha. Tafuta mahali pamefungwa, mwenye mahali amekubali kwa mdomo wake, watu wasimame nyuma ya mstari wa kutokea, hakuna wa pembeni. Kaske, mkanda, kizima moto ndani ya gari. Nimemaliza hapo.

Mazoezi mengi hayahitaji hata meta 400. Meta 60 ya lami safi inatosha kwa kutoka, na kutoka njo kwenye muda wako mwingi umelala.

Kitu kimoja cha hapa Lubumbashi: vumbi jekundu. Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 linalala juu ya lami kama unga, hulioni, unaachia ambreyaji pine zinazunguka bule, unasema pine ni mbaya kumbe unatembea juu ya unga. Chukua fagio. Mi nafagia meta 20 za kwanza kwa fagio la kweli la nyumbani, watu wanacheka, siku ya kwanza nilipofanya hivyo nilipata sehemu ya kumi mbili za sekunde bila kugusa kitu ku gari.

KUPIMA BILA MASHINE YA BEI

Bila namba unacheza tu. GPS ya ndani ya simu mara nyingi inasoma mara moja tu kwa sekunde, kwa kupima kutoka haina maana yoyote. Zile kidude za GPS zenye zinasoma mara 10 kwa sekunde ni nzuri kama una pesa. Kama hauna, fanya kama mi nilivyoanza: piga mstari wa chokaa kukatisha njia, pima meta 18,3 kwa kamba (hiyo njo futi 60 za Wamarekani, kila mtu wa hii michezo anaongea hiyo namba), piga mstari wa pili. Weka simu juu ya kitu kisichotikisika, mbali pembeni, mpaka uone mistari yote miwili, uwashe video ya polepole ya picha 240 kwa sekunde. Kisha unahesabu picha tangu pine ya mbele inaacha mstari wa kwanza mpaka inagusa wa pili, unagawanya kwa 240. Picha 571 ni sekunde 2,38. Angalia pale pine inagusa chokaa chini, usiangalie bampa, ukiangalia bampa utajidanganya juu simu inaona kwa pembeni.

Gari ya kawaida ya kuvuta mbele na pine za barabara, sekunde 2,5 kwa hizo meta 18,3 ni ya mtu anajifunza, 2,3 ni sawa, ukifika 2,2 na pine za dukani we ni mtu. Kila sehemu ya kumi moja unayokata hapa mwanzo inakuja kuwa kama 0,15 mpaka 0,2 kule mwisho wa 400, juu ile spidi umeipata mapema unaibeba njia nzima. Njo sababu naandika mingi juu ya kutoka na kidogo juu ya mengine.

PINE NA UZITO

Gari ikitoka, uzito unakimbilia nyuma. Kwetu wa kuvuta mbele hiyo ni hasara, pine zenye zinafanya kazi njo zinanyanyuka. Kwa hiyo ondoa kila kitu ku kofri, pine ya sekuru (ya akiba), kriki, ile baidoni ya maji umesahau tangu mwaka jana. Kilo 45 ukizitoa ni kama sehemu ya kumi moja ku meta 400. Presio ya pine: mi naweka bar 1,8 mbele, 2,6 nyuma, napima asubuhi pine bado baridi. Chini ya 1,6 mbele siendi, pine ya barabara inaanza kucheza ku ubavu ukiwa na spidi ya 130, na ukimaliza unarudisha mbele ya kuingia barabarani. Usimwamini kwado (fundi wa pine) kwa macho, nunua saa yako ya presio.

Kuchoma pine kwa moshi mingi ni kwa ajili ya warembo. Pine ya barabara haitaki moto mwingi, inageuka mafuta. Freni ya mukono, zungusha sekunde mbili, vumbi na mawe vitoke, basi.

KUTOKA

Motere iwe na moto, na bwati pia, tembea dakika 10 kwanza. Kama gari ina mfumo wa kuzuia pine kuzunguka, uzime.

Sogea ku mstari. Vuta freni ya mukono. Ingiza premye (vitesi ya 1), achia ambreyaji polepole mpaka pale inaanza kuuma, utasikia pua ya gari inashuka ama inanyanyuka kidogo na turi zinaanguka kama 100. Simama hapo hapo. Ulichofanya ni kuondoa ile nafasi ya bure ndani ya karda (chuma kinachopeleka nguvu ku pine) na bwati, kila chuma kimegusa mwenzake. Ukiruka hii, nguvu inakuja kama nyundo, pine inashtuka na kuzunguka, na karda ya RunX inalia kila ukikata kona kuanzia siku hiyo. Usibaki pale pa kuuma zaidi ya sekunde mbili tatu, unachoma disiki ya ambreyaji.

Sasa turi. Usiulize mtu turi ngapi. Anza na 2500, fanya mara tatu, andika. Kisha 3000 mara tatu, 3500 mara tatu, 4000 mara tatu. Pumzisha ambreyaji dakika tano kati ya kila mbili, ukisikia harufu kama ya samaki aliyeungua na mkaa, funga siku, rudi nyumbani. Mi hesabu yangu nzuri ilikuwa 3600, ya rafiki yangu mwenye gari ile ile ni 3200 juu pine zake ni nyembamba zaidi.

Muguu wa kushoto sasa, njo hapa papa aliniambia naibiwa. Watu wanafikiri kutoka ni kuachia ambreyaji pah! kama kwenye filamu. Kwa gari ya pine za dukani hapana. Unaachia na freni ya mukono pamoja, ambreyaji inakwenda haraka mpaka pa kuuma na kupita kidogo, kisha njia iliyobaki unaitoa polepole kama sekunde nzima, hata moja na nusu, huku muguu wa kuume unaongeza gazi kufuata. Pine izunguke kidogo kuliko lami, kidogo tu, kama inauma na kuteleza pamoja, utasikia sauti ya mluzi wa chini, si kelele. Kelele ni pesa yako inaungua.

Namna ya kujua umekosa wapi: turi zikianguka chini ya 2500 na gari inavuta kama imebeba mifuko ya mahindi, umezamisha, ongeza turi 300 ama achia polepole zaidi. Turi zikiruka mpaka motere inakata, umezungusha, punguza, ama nenda ufagie. Na kama pua inarukaruka tak-tak-tak, achia gazi saa hiyo hiyo, hiyo kuruka njo inakata karda, usiseme «nimalizie tu hii».

Mi nilichoma disiki moja kwa wiki tatu. Nusu ni kosa langu. Nusu ingine ni duka, sitalitaja, waliniuzia disiki ndani ya karton ya jina kubwa na mwandiko wenye makosa, nikaona makosa nikanunua hivyo hivyo juu bei ilikuwa tamu.

Wa Altezza: uzito ukikimbilia nyuma we unafurahi, kwa hiyo uachie ambreyaji haraka kidogo kuliko mi, uache pine ya sekuru pale pale nyuma, upunguze presio ya nyuma na si ya mbele. Freni ya mukono itakushikia zile zile pine unataka zizunguke, basi iachie kidogo kabla ya ambreyaji. Na wa otomatiki: freni muguu wa kushoto, gazi mpaka 1500 ama 2000, sekunde mbili tu, uachie. Ile ya kuweka N, kupandisha turi na kuangusha ku D ni namna ya kununua bwati mpya.

KUPIGA VITESI NA MUKONO WA KUSHOTO

Gari zetu nyingi zimetoka Japani zikapita Dar, volani iko kuume, levye ya vitesi iko ku mukono wa kushoto. Video zote za Wamarekani wanapiga na mukono wa kuume, ukiwaiga bila kufikiri utaumiza motere. Elewa vizuri: premye na dezyeme (ya 1 na ya 2) ziko upande wa abiria, mbali na wewe. Kutoka dezyeme kwenda trwazyeme (ya 3), levye inakuja kwako na kupanda juu. Kwa hiyo weka kiganja upande wa abiria wa ile tufe, uvute kidogo kuja kwako, uisukume juu. Usiishike kama nyundo. Ndani kuna springi zenye zinairudisha katikati zenyewe, ukiiminya unapigana nazo.

Trwazyeme kwenda katriyeme (ya 4) njo yenye inaua. Inashuka moja kwa moja, ila mtu akiwa na haraka mukono unaenda nje upande wa abiria na kushuka, anaingia dezyeme. Tuhesabu. Kila vitesi ina namba yake, ni uwiano wa meno ndani ya bwati; bwati ya gari yangu, C60, ina trwazyeme 1,481 na dezyeme 2,050. Uko turi 7800 ku trwazyeme, ukiingia dezyeme, pine zinailazimisha motere 7800 mara 2,050 gawanya 1,481, hiyo ni turi 10800. Ile mfumo wa kukata esansi haikusaidii hapa, juu si gazi inazungusha motere, ni barabara. Valvu zinakutana na pistoni. Basi kiganja kibaki upande wa abiria, vidole vivute kushuka na kuja kwako kidogo sana. Ukikosa upande huo utaangukia ya 6, gari italala, utapoteza mbio, motere utarudi nayo nyumbani.

Spidi ya mukono inatoka ku kupanga: sehemu ndogo mbele ya kubadili, mukono uko tayari juu ya levye na unaiminya kidogo kidogo upande inaenda, ambreyaji ikigusa tu inaruka yenyewe. Ambreyaji usiikanyage mpaka chini, inahitaji kama nusu ya njia, wengine wanaweka kipande cha mbao chini ya pedali iishie pale. Gazi unainua kidogo na kurudi. Kuacha gazi imekanyagwa kabisa wakati unabadili kunawezekana, nimefanya, inakata muda, na sinkro za dezyeme (vyuma vinavyolinganisha spidi ndani ya bwati) zinaanza kulia kabla mwezi haujaisha. Kama hii gari njo inakupeleka kazini, acha.

Utapata nini? Mtu wa kawaida anabadili vitesi kwa sekunde 0,6, ukijifunza utafika 0,3. Usifikiri umepata 0,3 nzima ku muda kila mara, gari haisimami wakati unabadili, inaendelea tu kwa spidi yake, kwa hiyo unachookota ni kama nusu ya hiyo. Mara mbili tatu kwa njia nzima, ni karibu 0,4. Bei yake ni mazoezi tu, unaweza kufanya ndani ya parsele motere imezimwa, mara 100 kila jioni, mke wangu anafikiri nimeanza kurukwa na akili.

TURI NGAPI NDIYO KUBADILI

Hesabu ni moja: turi zako mara namba ya vitesi mpya gawanya namba ya ile unaacha. Kwa C60 premye ni 3,166, dezyeme 2,050, trwazyeme 1,481, katriyeme 1,166. Ukibadili ku 8000: premye kwenda dezyeme unaangukia 5180, kwenda trwazyeme 5780, kwenda katriyeme 6300. Sasa 2ZZ ina kamu ya pili (chuma kinachofungua valvu zaidi) yenye inaamka kama turi 6000, chini yake ni Corolla ya mama. Unaona? Hata ukifanya nini, ya kwanza na ya pili utaangukia nje ya kamu, kwa hiyo kila turi 200 unazoacha juu zinakurudisha zaidi ndani ya shimo. Mi nilikuwa nabadili 7200 nikiihurumia motere, nilikuwa naangukia 4660, ni kama kukimbia na gunia. Motere zingine, kama 4A-FE ya Corolla ya zamani, hazina hiyo, nguvu yao kubwa iko karibu 6000, ukiwapeleka mbali juu unasikiliza kelele tu. Kanuni: pita kidogo ile turi ya nguvu kubwa, mpaka nguvu unayoacha ilingane na ile unaangukia.

Na hapa ule mwinuko wetu unarudi. Na pine 195/60 R15 trwazyeme yangu inafika karibu kilometa 138 kwa saa ku turi 8000. Chini pembeni ya bahari gari hii inapita mstari wa mwisho na 145 hivi, wanahitaji katriyeme. Hapa mi napita na 137, 138. Kwa miezi nilikuwa napiga katriyeme meta 15 kabla ya mstari kama vile nimeona ku video, nikipoteza muda wa kubadili bila kuvuna kitu. Sasa nashikilia trwazyeme mpaka mwisho. Angalia yako, hesabu spidi ya kila vitesi na spidi yako ya mwisho, utajua kama ile ya mwisho unaihitaji.

TAA

Siku ukienda ku uwanja wa kweli wenye mti wa taa: saa inaanza pale pine ya mbele inaacha mwali wa mwanga unaokatisha mstari wa kutokea, si pale taa inawaka. Kuchelewa kwako ku taa hakuingii ku muda, kunaingia ku mbio na mwenzako. Ukitafuta muda, sogea polepole mpaka taa ya pili ya kupanga iwake tu, usisogee tena hata kidole. Hapo pine ina nafasi kidogo ya kuzunguka mbele ya kuacha mwali, gari inaanza kutembea bure, inaweza kuwa sehemu ya kumi na zaidi. Ukitafuta kushinda mwenzako, taa tatu za manjano zinafuatana kwa 0,5, unatoka ukiona ya mwisho ya manjano, ukingoja kijani umeshachelewa.

DAFTARI

Badili kitu kimoja kwa siku, kila kitu mara tatu, andika saa, jua ama baridi, presio, turi, ile 18,3. Asubuhi ya mwezi wa 6 na mchana wa mwezi wa 10 ni gari mbili tofauti, baridi inarudisha hewa kidogo, usifananishe. Ukifika nyumbani fungua kapo, angalia mafuta ya motere, inama uone mipira ya karda kama imepasuka, na kesho yake ukiwa na turi ndogo ku katriyeme kanyaga gazi yote: turi zikipanda na gari haiongezi spidi, disiki imeanza kuteleza, mwite mekanisie mbele ya Jumapili.